Kaskazi, Masika na Maradhi ya Kupanda na Kushuka

Apandaye kutoka Bububu kwenda Kidichi hupita katika mashamba ya viungo ambayo sifa zake zimeenea dunia nzima. Wageni huletwa hapo kila siku, wakaonyeshwa mdalasini, hiliki, kungumanga na mkarafuu, kisha wakapelekwa kuitazama hamamu ya Kiajemi ambayo Seyyid Said aliijenga kiasi cha mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Mkulima wa Kidichi huwaeleza wageni hao majira ya kila mti: huu hutoa maua wakati fulani, ule hauvunwi kabla ya mvua fulani, na ule mwingine jua likizidi hunyauka. Hahitaji kitabu. Amezaliwa katika elimu hiyo.

Lakini jambo moja hutushangaza. Mkulima huyo huyo, anayejua ni mwongo gani wa Nairuzi hupandwa mtama na mwongo gani mvua hukatika, mwanawe akishikwa na maradhi ya akili husema, "Yamemjia ghafla." Huulizwa, je, mwaka jana hayakumjia? Hujibu kwamba yalimjia. Wakati gani? Hapo hunyamaza, akafikiri, na mara nyingi mama wa mgonjwa ndiye akumbukaye kwamba ilikuwa kaskazi, au karafuu zilikuwa zikichumwa, au ilikuwa kumi la pili la Ramadhani.

Leo twataka kusema juu ya maradhi ambayo madaktari wa siku hizi huyaita baipola. Hayo ni maradhi ya kupanda na kushuka. Apandapo, mgonjwa hulala saa mbili au tatu tu na asubuhi huamka kana kwamba amelala usiku kucha. Maneno humtoka kama maji ya mfereji, mipango haimwishi, hukopa, hugawa, huuza shamba kwa bei ya kutupa, na amkatazaye huwa adui. Ashukapo, mtu yule yule hukaa chumbani juma baada ya juma, hali wala hasemi, hujiona mzigo kwa jamaa zake, na mara nyingine hutamani kufa. Baina ya hali hizo mbili huwa mzima kama wewe nami, mwenye kazi, heshima na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na maradhi haya.

Wako waliotuambia zamani kwamba maradhi haya si yetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Dr. J. C. Carothers, aliyekuwa ameisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, naye alieleza humo kwamba huzuni iliyo maradhi ni adimu kwa Mwafrika, kwa jinsi akili yake ilivyo. Maneno hayo yalisomwa na kuaminiwa miaka mingi. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walitoa habari za uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, nao walikuta huzuni ya namna hiyo ni nyingi huko kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Na katika wilaya ya Butajira, Ethiopia, Waethiopia wenyewe waliwapima watu zaidi ya 68,000, mlango kwa mlango, wakawapata wagonjwa wa baipola mamia, wengi wao hawakuwa wamewahi kuonwa na daktari hata siku moja. Basi Dr. Carothers alikuwa akihesabu waliofikishwa kwenye lango la hospitali yake, na mtu aliyeshuka hafikishwi hospitali. Hukaa ndani akaitwa mvivu.

Sasa tuje kwenye majira. Wazee wa tiba wa Kiyunani, tangu zama za Hippocrates, waliona kwamba wazimu na majonzi hufuata nyakati za mwaka. Wazungu wa leo wamelihakikisha jambo hilo katika nchi zao. Katika nchi za baridi, watu wanaoingizwa hospitali kwa kupanda huongezeka majira ya kuchipua na ya joto, na wanaoshuka huongezeka siku za giza za baridi. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza kwa mara ya kwanza huzuni inayokuja kila mwaka mchana unapofupika na kuondoka mchana unaporefuka, na wengi wa wagonjwa wao wa kwanza walikuwa hasa ni watu wa baipola.

Sababu yake si uchawi. Ndani ya jicho zimo chembe ambazo kazi yake si kuona bali ni kupima nuru na kuipelekea habari sehemu ndogo ya ubongo iliyo saa ya mwili. Saa hiyo huamuru usingizi, joto la mwili, njaa, na kutoka kwa melatonini, ambayo hutoka usiku na hukatazwa na mwanga. Kwa mtu mzima saa hiyo ikisogezwa kidogo hurudi. Kwa mwenye baipola ni kama saa ya ukutani yenye msumari uliolegea: ukiigusa tu, huyumba. Na huko Ulaya huguswa sana, kwa maana mchana wa London mwezi wa Juni ni wa saa 16 na nusu, na mwezi wa Desemba haufiki hata saa 8.

Na hapa kwetu? Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kuyataja majira manne kwa Kiingereza, tukaimba nyimbo za theluji tumekaa chini ya mwembe, jasho likitutiririka. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya mstari wa ikweta. Tofauti ya mchana wetu mrefu na mfupi ni dakika kama 40, na mtu hawezi kuitambua ila kwa saa ya mkononi. Profesa Michael Bauer wa Dresden, Ujerumani, pamoja na madaktari wa nchi nyingi, walilinganisha wagonjwa wa miji iliyo karibu na ikweta na ya mbali, wakaona kwamba pale nuru ya jua inapoongezeka kwa kishindo kutoka mwezi hadi mwezi, maradhi huelekea kuanza katika umri mdogo zaidi. Pale ambapo nuru haibadiliki sana, kama hapa, msukumo huo ni mdogo.

Wako watakaosoma maneno hayo na kufunga kitabu: ikiwa ni nuru, basi majira hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Nuru ni njia moja ya majira kuufikia ubongo, nayo si ya pekee. Majira yetu hubadili joto, usingizi, kazi, chakula, maji ya mwilini na homa, na kila kimoja kati ya hivyo kina mkono katika maradhi haya.

Tuanze na usingizi, maana ndio mlango mkubwa. Mwaka 1987 Thomas Wehr na wenzake walieleza kwamba sababu nyingi zinazompandisha mgonjwa, ziwe msiba, safari, kujifungua mtoto au dawa fulani, hupita mlango huo mmoja: kwanza humnyima usingizi, na kukosa usingizi ndiko kumpandishako. Kisha kupanda kwenyewe humzidishia kukesha, na moto hujichochea. Tukilifahamu hilo, tutazame mwaka wa Unguja kwa jicho jipya.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Nyumba za mabati hubaki na joto mpaka alfajiri, na watoto hulia usiku. Wasiosahau wataikumbuka kaskazi ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme utokao bara chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Wenye uwezo walinunua majenereta yaliyonguruma mpaka usiku wa manane, na wasio na uwezo wakalala nje au wasilale. Kwa wengi wetu ilikuwa taabu ya kusimulia. Kwa mwenye baipola, usiku tatu au nne za namna ile zatosha.

Kisha yaja karafuu. Zao kubwa haliji kila mwaka, lakini likija, nyumba huhamia shamba. Watu hupiga dago, mchana huchumwa, na usiku hukaa kwenye majamvi wakichambua karafuu na makonyo, hadithi na nyimbo zikiendelea, maana karafuu mbichi haingoji. Hizo ni siku za furaha, na fedha hupatikana. Mwenye maradhi haya hapo huwa mchumaji bora kuliko wote: hachoki, huchambua mpaka adhana ya alfajiri, huwachekesha wenzake. Kila mtu humsifu. Baada ya juma moja huwa amenunua pikipiki mbili kwa deni, amemposa binti ambaye hajamwona, na amepigana na msimamizi. Waliomsifu ndio humfunga kamba. Twasema hivi bila ya kumlaumu mtu, lakini dalili ilikuwa mbele ya macho yao siku ya tatu. Wavuvi wa dagaa nao, ambao huvua kwa taa katika usiku wa giza na kulala mchana mbalamwezi inapopungua, wamo katika hatari hiyo hiyo.

Sasa Ramadhani, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini, kwa kuwa jambo lenyewe lina uzito wa dini na wa uhai. Visiwa vyetu vina kalenda mbili. Nairuzi hufuata jua, na kwa hiyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi hautoki mwezi wa Julai. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Maana yake ni kwamba katika miaka hii saumu inaingia ndani ya kaskazi yenyewe, wakati jasho ni jingi na kiu ni kali.

Miongoni mwa dawa za maradhi haya, iliyo kongwe na ambayo bado haijapitwa ni lithiamu. Iligunduliwa kufaa na daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949. Ni chumvi kama chumvi nyingine, na figo huishughulikia kama chumvi. Mwili ukikosa maji na chumvi, figo huzuia visitoke, na huizuia lithiamu pamoja navyo. Hivyo kipimo kilichokuwa dawa mwezi wa Agosti chaweza kuwa sumu mwezi wa Februari, pasipo mgonjwa kuongeza hata kidonge kimoja. Dalili zake ni mikono kutetemeka kupita desturi, kutapika, kuharisha, kupepesuka kama mlevi, maneno kuwa mazito na akili kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje futari.

Hata hivyo haifai kutia watu hofu kuliko kiasi. Huko Casablanca, Morocco, madaktari waliwafuatia wagonjwa 20 waliokuwa wakitumia lithiamu katika Ramadhani ya mwaka 1997. Karibu nusu yao walirudiwa na maradhi, wengi kwa kupanda. Lakini damu ilipopimwa, dawa ilikuwa katika kiasi chake. Madaktari wale waligeuka kutazama kukesha, daku, na siku kugeuzwa kuwa usiku. Miaka kadhaa baadaye, huko Peshawar, Pakistan, waliwachunguza wagonjwa 62 waliofunga, nao hawakuona madhara ya namna hiyo. Twajifunza nini? Kwamba wako wawezao kufunga kwa salama na wako wasioweza, na hapana ajuaye yeye ni yupi ila kwa kupimwa kabla ya mwezi kuandama. Mashehe wetu hufundisha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, wala hakuna aibu ndani yake. Anayemwambia mgonjwa wa akili kwamba ruhusa hiyo ni ya wenye homa na vidonda tu, na amwulize shehe wake tena.

Na yule afungaye kwa shauri la daktari asijiondolee dawa kwa hesabu zake mwenyewe. Mara nyingi yawezekana vidonge vikapangwa vyote usiku. Cha muhimu ni kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku, na kuulinda usingizi hata kama barazani kuna bao na mazungumzo matamu.

Masika yana mambo yake. Mawingu hutanda, kazi za shamba hukatika, njia za udongo huwa tope, na aliyezoea kwenda mjini kuchukua dawa hukaa nyumbani. Dawa zikiisha tarehe kumi, anangoja mvua ipungue. Mvua ikipungua, tayari ameshuka au amepanda. Vimbunga havikuwa desturi yetu, na kile cha Aprili 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja kilihesabiwa kuwa ajabu ya karne. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia. Familia inayohamishwa usiku kwa mafuriko hupoteza kuku, godoro na mfuko wa vidonge. Viwili vya kwanza huandikwa katika orodha ya hasara.

Baada ya mvua huja mbu na homa. Ndugu wa mgonjwa na wajue jambo hili dogo ambalo madukani halisemwi: vidonge vya kutuliza maumivu vya namna ya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo watu humeza kama karanga kwa ajili ya mgongo na magoti, huipandisha lithiamu katika damu. Baadhi ya dawa za presha zenye kutoa mkojo hufanya vivyo hivyo. Kwa homa na kichwa, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwake.

Wazee wetu husema wazimu hufuata mwezi, nasi wasomi tumezoea kucheka. Tucheke kwa adabu. Mwaka 2018 huyo Wehr tuliyemtaja alitoa habari za wagonjwa 17 ambao maradhi yao hugeuka upesi upesi, akaonyesha kwamba kugeuka kwao kulikwenda sambamba na mizunguko ya mwezi, ile inayoleta bamvua na maji mafu. Na mwaka 2021 wataalamu waliochunguza usingizi wa Wahindi Wekundu wa Argentina waliona kwamba katika usiku zinazotangulia mwezi mpevu watu huchelewa kulala na hulala kidogo, hata wale wasio na umeme. Wagonjwa 17 ni wachache mno kujengewa sheria. Ila mvuvi wa Unguja, aijuaye siku ya bamvua bila ya kutazama juu, ana chombo cha kupimia ambacho daktari wa Marekani ilimbidi akitafute katika majedwali.

Tusiwasahau walio mbali. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, si mbali na Kidichi, na mwaka 1867 akaolewa na Bwana Heinrich Ruete huko Aden, kisha akahamia Hamburg. Katika barua zake alieleza baridi, giza na upweke wa nchi ile kwa maneno yanayomwumiza asomaye. Hatusemi kwamba alikuwa na maradhi haya. Twasema tu kwamba kutoka katika nuru isiyobadilika kwenda katika nuru inayopotea miezi mitano ni badiliko kubwa la mazingira, na leo maelfu ya watu wetu wamo Uingereza na nchi za kaskazini ya Ulaya. Aliye na mwana huko mwenye maradhi haya na ampigie simu mwezi wa Novemba, na asisahau mwezi wa Aprili pia, anapoanza kusema haraka haraka na kutuma fedha nyingi kuliko mshahara wake. Huko hutumia taa kali kuwatibu walioshuka. Mwaka 2018 Dorothy Sit na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba taa ya adhuhuri yaweza kuwafaa hata watu wa baipola. Lakini nuru hiyo hiyo ikitumiwa vibaya humpandisha mtu, kwa hiyo si kitu cha kununua dukani na kujiwashia.

Tumeandika mambo ya nchi nyingi, na sasa twarudi kwa yule mkulima. Tunalomwomba si gumu. Achukue daftari la mtoto wa shule, aandike kila mwongo: mgonjwa alilala saa ngapi, alikuwa na kazi gani, alipata homa au la, dawa alizimeza au alizikosa, upepo ulikuwa gani. Mwaka wa kwanza daftari halitamwambia neno. Mwaka wa pili litaanza kusema, na wa tatu atakuwa na elimu ambayo hakuna hospitali duniani iwezayo kumpa juu ya mwanawe. Alichukue daftari hilo Kidongo Chekundu, kwenye hospitali ya maradhi ya akili, wiki chache kabla ya wakati anaouogopa. Akitaka pia kombe na dua, hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia, mradi kombe lisichukue nafasi ya kidonge, na mgonjwa asifungwe mnyororo wala asipigwe kwa kisingizio cha kumtoa pepo. Na akipata nafuu demani, siku zikiwa baridi na usingizi mtamu, asiseme amepona akavitupa vidonge, kwa sababu kaskazi iko nyuma ya demani.

Wizara ya Afya nayo twaiomba jambo moja lililo wazi. Vidonge na vipimo vya damu vya wagonjwa hawa vifikishwe katika vituo vya mashamba mwezi wa Novemba, kabla joto halijaingia, na tena mwezi wa Februari, kabla njia hazijawa tope.